Ruhusa ya kwenda kujiokoa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa kike wa Tanzania Bara siku 4 za ruhusa yenye malipo mume wake akifa. Siku hizo hizo 4 zipo akifiwa na mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu. Zipo pia mtoto wake akiugua au akifariki. Nimeisoma orodha hiyo kuliko ukurasa mwingine wowote wa sheria ile, kwa sababu mimi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kiwandani, na mtu akija na shida ya ruhusa huwa naanzia hapo. Mume akifa, mke ana siku 4. Mume akimvunja mkono mke huyo, orodha haina neno.

Si kwamba nchi haina sheria zinazomhusu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema wazi kuwa hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Ipo Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Kwenye vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na baadhi ya hospitali zina kituo cha Mkono kwa Mkono ambapo daktari, askari na ofisa ustawi wa jamii wanapatikana chini ya paa moja. Ni kazi kubwa iliyofanywa na watu waliopigania kwa miaka mingi, na naiheshimu. Lakini milango yote hiyo inamtaka mtu aende mwenyewe, kwa miguu yake, na mingi inataka aende siku ya kazi, saa za kazi. Mwajiri naye anamtaka kwenye mashine siku hiyo hiyo, saa hizo hizo.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 27 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu walipofikisha miaka 15, na asilimia 12 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Nikisimama mlangoni zamu ya asubuhi inapoingia, najua kwamba hawa si watu wa mbali. Wameshika kadi zao, wanasubiri kugonga saa.

Wanaokuja kwangu huja wakati wa chai. Huwa hawaanzi na habari yenyewe. Wanauliza kwanza kuhusu makato ya chama, au NSSF, au ratiba ya likizo, kisha wanasema, "Dada katibu, naomba tuongee pembeni." Mmoja wao alikuwa wa pakingi. Ameniruhusu nisimulie yake mradi nisimtaje yeye wala kiwanda, na kiwanda sitakitaja.

Aliingia Jumatatu akiwa amevaa shati la mikono mirefu chini ya ovaroli, katika joto la Dar es Salaam la mwezi wa pili, na ushungi ameushusha mpaka kwenye nyusi. Alimwomba supavaiza ruhusa ya siku moja. Supavaiza akamuuliza ya nini, pale pale kwenye laini, wenzake wakisikia. Akajibu, "Mambo ya kifamilia, kaka." Akaambiwa kila mtu hapa ana familia. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Alikuwa kituo cha polisi, halafu hospitali, halafu kituo cha polisi tena kuirudisha fomu ya PF3 ikiwa imejazwa na daktari. Aliporudi kazini alikuta barua ya kujieleza mezani kwa ofisa utumishi.

Sasa hapa ndipo mtu wa nje hushangaa. Katika majibu yake hakuandika kwamba alikuwa polisi. Aliandika kwamba alikuwa anaumwa. Hakuwa na ED, yaani cheti cha daktari cha kupumzika kazini, ya siku zote alizokosa, kwa hiyo likawa kosa la utoro, akaitwa kwenye kamati ya nidhamu. Mimi niliingia naye kama mwakilishi wake. Kabla hatujaingia alinishika mkono akaniambia, "Dada, usiseme. Yule mzee wa stoo anasali na shemeji yangu." Nikakaa kimya kuhusu jambo pekee ambalo lingemtetea, kwa sababu ndilo lingemfikia mume kabla jua halijazama. Alipewa onyo la mwisho la maandishi.

Kesi ya jinai ikafunguliwa. Ikaja kwa kutajwa, ikaahirishwa. Ikapangwa kusikilizwa, hakimu akawa na udhuru, ikaahirishwa tena. Kila tarehe ni siku ya kazi, na onyo la mwisho liko kwenye faili. Hati ya wito ilipotoka angeweza kuipeleka ofisini, na sheria ingemlinda, lakini hati ile imeandikwa jina la mshtakiwa na kosa lenyewe, na ofisi ya utumishi ina watu wa kutosha wa kuisoma. Alichagua kazi. Kesi ikafutwa kwa kukosa shahidi, na shahidi alikuwa yeye.

Watu wengi wakisikia habari kama hii huuliza kwa nini hakuondoka tu. Naomba tukae kidogo kwenye swali hilo, maana jibu lake ni la fedha na muda kuliko la moyo. Dar es Salaam mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo, na wengi bado wanang'ang'ania miezi sita. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja juu yake. Kuna gari la kuhamisha godoro na vyombo, na kuna uhamisho wa watoto shule, ambao unataka barua kutoka shule wanayotoka na nafasi kwenye shule wanayokwenda. Fedha hizo mwanamke wa pakingi anazipata sehemu mbili tu: mshahara, na mkopo wa kikoba ambao dhamana yake ni huo huo mshahara. Akipoteza kazi, amepoteza nyumba ambayo hajaipanga bado. Ndiyo maana nasema kwamba kwa mtu aliye kwenye hali hiyo, siku chache za ruhusa yenye malipo zina uzito kuliko semina zote tunazofanyiwa kila Novemba tarehe 25 siku 16 za kupinga ukatili zinapoanza. Semina huwa na fulana na chakula. Sijawahi kumwona mtu akihamisha watoto kwa fulana.

Hesabu ya muda ni nzito vile vile. Aliyepigwa anahitaji RB, yaani namba ya taarifa yake polisi, na PF3, anahitaji matibabu, anahitaji kutoa maelezo kwa askari wa dawati, ambaye anaweza kumwambia arudi kesho na shahidi. Akitaka kuvunja ndoa, kwa kawaida shauri lazima lipite kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, iwe ni baraza la kata, la kanisa au, kwa Waislamu, la BAKWATA. Baraza likishindwa kusuluhisha linatoa hati, na hati hiyo ndiyo inayofungua mlango wa mahakama. Mume akiitwa barazani asipotokea, panapangwa tarehe nyingine. Aliyebakwa ana saa ambazo hazisubiri zamu iishe: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi, kisha zinamezwa kwa siku 28, na wengine huwatia kichefuchefu na uchovu wa kulala. Halafu kuna kurudi kupimwa, na kuna mazungumzo na mshauri nasaha kama yapo. Mtu huyo anatarajiwa asimame kwenye laini kwa muda wa saa nane bila kutetereka, na bila kueleza kwa nini leo mikono inatetemeka.

Niseme haraka kuhusu kinachopatikana leo, maana kipo, na watu hawakijui. Likizo ya ugonjwa kisheria ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu. Jeraha la kipigo ni ugonjwa, na mshtuko wa akili baada ya kubakwa ni ugonjwa. Mwambie daktari ukweli, umwombe ED kwa siku unazostahili. Cheti kinachokwenda kazini si lazima kisimulie nani alikufanya nini. Usikae kimya zaidi ya siku tano za kazi, kwa sababu kanuni za mwaka 2007 zinahesabu utoro wa zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu ya msingi kuwa kosa zito linaloweza kukuachisha kazi. Hata ujumbe wa simu kwa ofisa utumishi ni ushahidi kwamba ulitoa taarifa. Ukiachishwa, una siku 30 za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Siku 30 hupita upesi sana mtu akiwa analala kwa shangazi na watoto watatu. Na ikiwa hujatimiza miezi sita kazini, mlango huo wa kudai kwamba umeachishwa isivyo halali ni mwembamba kwako, kwa hiyo tafuta ushauri mapema zaidi.

Lakini ED haiendi mahakamani. Haiendi kutafuta chumba, wala haiendi barazani. Likizo ya mwaka, zile siku 28, mwajiri ndiye anayepanga zitachukuliwa lini, na kwetu sisi zinapangwa wakati oda zimepungua. Kipigo hakina msimu.

Nilipoanza kutafuta wenzetu wamefanyaje kuhusu ruhusa ya mfanyakazi aliyefanyiwa ukatili, nilitazamia kukuta nchi tajiri tu. Niliyoikuta mapema kabisa ni Ufilipino. Sheria yao ya mwaka 2004 ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake na watoto, namba 9262, inampa mwanamke aliyefanyiwa ukatili likizo ya hadi siku 10 yenye malipo kamili, juu ya likizo zake nyingine. Mwaka 2004 ndio mwaka ule ule sisi tulipopitisha Sheria ya Ajira. Ushahidi wanaouhitaji unaweza kutolewa na mwenyekiti wa barangay, ambayo ni serikali ya chini kabisa kule, karibu sawa na serikali ya mtaa kwetu. Barua ya mtaa! Kitu ambacho kila Mtanzania aliyewahi kufungua akaunti ya benki anajua kukitafuta. Na kuna jambo jingine ndani ya kifungu hicho hicho ambalo limenigusa kama mtu wa chama: mwajiri anayemwonea mfanyakazi kwa sababu alimsaidia mwenzake aliyefanyiwa ukatili, naye anawajibika kwa ubaguzi. Wamemfikiria hadi yule rafiki aliyeshika zamu ya mwenzake, au aliyemsindikiza polisi.

Sheria hiyo ya Ufilipino imeandikwa kwa ajili ya wanawake na watoto wao. Mimi kwa upande huu ningependa yetu iwe pana. Kwenye tawi letu yupo mwanaume mmoja, fundi mzuri, ambaye mkewe alimmwagia maji ya moto, na wenzake wakamcheka kwenye kantini mpaka akaomba kuhamishiwa zamu ya usiku. Alikaa na bandeji wiki nzima bila kwenda hospitali tena, kwa sababu ruhusa ingemlazimu aeleze. Ngozi iliyoungua haiulizi jinsia.

New Zealand walipitisha sheria yao mwaka 2018, mswada ulioletwa bungeni na mbunge Jan Logie, ukapita kwa kura 63 dhidi ya 57, ukaanza kutumika tarehe 1 Aprili 2019. Siku 10 zenye malipo kwa mwaka. Hawajali ukatili ulitokea lini, hata kama ni kabla mtu hajaajiriwa hapo, kwa sababu kesi na makovu huchelewa. Mtu anaweza pia kuomba abadilishiwe saa au kituo cha kazi kwa muda wa hadi miezi miwili, na mwajiri lazima ajibu ndani ya siku 10 za kazi. Ontario, kule Kanada, tangu Januari 2018 wana siku 10, na zaidi ya hizo wiki 15, siku 5 za kwanza zikiwa na malipo. Inahusu ukatili wa nyumbani na wa kingono, uliomfika mfanyakazi au mtoto wake, na miongoni mwa sababu zinazokubalika ni kuhama nyumba. Nawataja hao kwa makusudi, kwa sababu Toronto, Ottawa na Hamilton wapo ndugu zetu wengi wanaofanya kazi maghalani na kwenye nyumba za wazee, Wakongomani, Warundi, Wakenya, Watanzania. Ukiwa umefanya kazi kwa mwajiri mmoja wiki 13 mfululizo, haki hiyo ni yako. Huhitaji kusubiri mchungaji au mzee wa jumuiya akuruhusu.

Habari ya Australia ndiyo iliyonibadilishia namna ya kufanya kazi yangu. Leo hii sheria ya nchi nzima kule inatoa siku 10 zenye malipo, kuanzia Februari 2023 kwa waajiri wakubwa na Agosti mwaka huo kwa wadogo, pamoja na wale wasio na ajira ya kudumu. Ila haikuanzia bungeni. Ilianzia mwaka 2010 kwenye halmashauri moja ya pwani katika jimbo la Victoria, Surf Coast Shire, ambako chama cha wafanyakazi na mwajiri waliketi kwenye majadiliano ya kawaida ya mkataba, wakaandika siku 20 za likizo yenye malipo kwa mfanyakazi aliyefanyiwa ukatili nyumbani. Baada yao mikataba mingine ikaiga, mahali pengi, mpaka ilipofika bungeni mwaka 2022 tayari kulikuwa na waajiri wengi waliokuwa wameishi nayo kwa miaka na biashara zao zilikuwa bado zimesimama.

Majadiliano ya mkataba ni kitu tunachokifanya hata sisi. Tunaita mkataba wa hali bora. Chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kinakaa na menejimenti, wanajadili mshahara, usafiri wa zamu ya usiku, sabuni, maziwa, rambirambi, jeneza. Ndiyo, tuna kifungu cha jeneza. Mkataba ukishatiwa saini unabana pande zote mbili kisheria. Hakuna kinachozuia kuweka ndani yake likizo ambayo sheria haijaitaja. Sheria inaweka kima cha chini, na juu ya hapo ni nguvu yenu mezani.

Kimataifa msingi upo. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 190 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini mwezi Juni 2019, nao ukaanza kutumika Juni 2021. Pendekezo namba 206 linaloandamana nao linataja kwa jina likizo kwa wahanga wa ukatili wa nyumbani, unafuu wa ratiba, na ulinzi wa muda dhidi ya kuachishwa kazi. Jirani zetu Uganda na Rwanda waliuridhia mwaka 2023. Wakenya, kwa upande wao, wana sheria ya mwaka 2015 ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani, ambayo inampa hakimu uwezo wa kutoa amri ya ulinzi, ingawa Sheria yao ya Ajira ya 2007 ilihesabu likizo ya mwaka, ya ugonjwa na ya uzazi, na kama yetu haikutaja likizo ya aliyefanyiwa ukatili.

Tulipopeleka mezani kifungu chetu cha likizo hiyo, kilipingwa kwa sababu nilizozitarajia. Ya kwanza: watasingizia. Nilimjibu mwakilishi wa menejimenti kwamba kwa miaka yote niliyokaa kwenye tawi hili nimeona watu wakisingizia misiba, malaria na mafuriko, lakini sijaona mtu akisingizia kwamba mumewe anampiga. Aibu iliyopo mtaani kwetu haimruhusu. Shida yetu ni kwamba waliopigwa kweli kweli wanasingizia malaria. Ya pili: hayo ni mambo ya ndani ya nyumba. Mambo ya ndani ya nyumba yalikuja getini kwetu yenyewe. Mume wa yule dada wa pakingi alifika akamuuliza mlinzi mkewe anatoka saa ngapi, na mlinzi, kwa wema tu, akamwambia. Akamsubiri kwenye kituo cha daladala mbele ya wafanyakazi wote wa zamu. Kiwanda kina kofia ngumu, viatu vya chuma na mchoro wa njia ya kutokea moto. Kubandika jina la mtu mmoja kwenye kibanda cha walinzi, kwamba asiambiwe chochote kuhusu zamu za mfanyakazi fulani, hakuna gharama yoyote, na ni usalama kazini kama kofia ilivyo.

Kuhusu gharama sikubishana sana. Niliwaomba wajumlishe wenyewe: siku za utoro, siku ambazo mtu yupo lakini hayupo, kamati za nidhamu, kumfundisha mtu mpya mashine baada ya kumfukuza aliyeizoea. Mhasibu wao aliandika kitu kwenye daftari lake na hakukisoma kwa sauti.

Jambo nililolipigania kuliko idadi ya siku ni usiri. Hapa pia Waaustralia wametangulia: sheria yao inakataza likizo hiyo kutajwa kwenye hati ya mshahara. Kule wameelewa jambo ambalo mwanamke yeyote wa mtaani kwetu angewaambia, kwamba hati ile inafika nyumbani na kuna mtu wa kuisoma. Wapo wake kwenye tawi langu ambao hati ya mshahara inakabidhiwa kwa mume kila mwisho wa mwezi, pamoja na simu ikiwa imefunguliwa kwenye ujumbe wa benki. Ukiandika humo "likizo ya ukatili siku 2", umemwambia kwamba mkewe ametoka kwenda mahali asikokujua. Rasimu yetu inasema siku hizo zionekane kama siku za kawaida za kazi, na kumbukumbu halisi ikae kwa mtu mmoja tu wa ofisi ya utumishi, mwanamke au mwanaume kwa chaguo la mwombaji, kwenye faili lenye kufuli. Supavaiza anaambiwa fulani ana ruhusa. Haambiwi ya nini, na haruhusiwi kuuliza kwenye laini.

Kuhusu ushahidi tulivutana sana. Menejimenti walitaka PF3 peke yake. Tulikataa, kwa sababu si kila anayekimbia amekwenda polisi, na wengine wakienda polisi ndipo hatari inapokuwa kubwa zaidi. Tulichoandika ni kwamba inatosha mojawapo: RB au PF3, cheti cha daktari, barua ya ofisa ustawi wa jamii, hati ya wito wa mahakama au baraza, barua ya serikali ya mtaa, au maelezo ya msaidizi wa kisheria. Siku mbili za mwanzo zitolewe kwa neno la mfanyakazi mwenyewe, karatasi ifuate baadaye. Kwa aliyebakwa jana usiku, kudai karatasi kwanza ni kumlia zile saa 72.

Mpaka sasa wamekubali siku 5 zenye malipo. Sisi tuliomba 10. Wamekubali kifungu cha usiri karibu chote, na wamekubali kwamba siku alizokosa mtu kwa sababu hii hazitaingizwa kwenye kosa la utoro akileta karatasi yoyote kati ya zile nilizotaja, hata kama ameileta akiwa amechelewa. Kinga ya kumsaidia mwenzako, ile tuliyoichukua Ufilipino, waliisoma mara mbili wakaomba muda kwa mwanasheria wao. Nimewaambia wanawake wa kamati yetu tusiiache, hata ikibidi kupunguza kitu kwenye usafiri.

Kilichobaki kigumu zaidi ni vibarua. Pakingi yetu karibu nusu yake ni vibarua wanaolipwa kwa siku. Hawajajaza TUF 6, fomu ya kukubali makato ya chama, hawamo kwenye chama, na asubuhi asiyeonekana getini nafasi yake inachukuliwa na aliyesimama nyuma yake. Kwao siku moja ya kwenda polisi ni siku moja ya njaa, na pengine ndiyo mwisho wa kazi. Menejimenti wanasema mkataba wa hali bora hauwahusu. Tumeandaa pendekezo kwamba kibarua aliyefanya kazi miezi mitatu ahesabiwe kwenye kifungu hiki kimoja tu, na alipwe posho yake ya kawaida kwa siku hizo. Kikao kijacho kinaanza na hilo. Matawi mengine ambayo mikataba yao inakaribia kuisha, peleka kifungu chenu kabla ajenda haijafungwa, na mwandike vibarua kwenye mstari wa kwanza. Sisi tuliwaandika mwishoni, na sasa wanataka kuwakata.